Je, Wajua? Jaji Khanna wa India na kura yake moja

Je, wajua kuwa katika Mahakama ya Juu ya India, kwenye Chumba Namba 2, imetundikwa picha ya jaji ambaye hakuwahi kuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo? Jina lake ni Hans Raj Khanna. Picha hiyo iliwekwa Desemba 1978 akiwa hai na mzima, katika chumba kilekile alichokuwa akisikilizia kesi. Mawakili wa Delhi walitaka akumbukwe kwa uamuzi alioutoa Aprili 1976, siku ambayo majaji wanne walisema hivi na yeye peke yake akasema vile.

Alizaliwa 3 Julai 1912 mjini Amritsar, jimbo la Punjab. Baba yake, Sarb Dayal Khanna, alikuwa wakili na mpigania uhuru, na baadaye akawa meya wa mji huo.

Je, wajua kuwa Khanna alikuwa mtoto wa miaka sita wakati wanajeshi wa Jenerali Dyer walipowamiminia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, mjini humohumo Amritsar, tarehe 13 Aprili 1919? Serikali ya kikoloni ilikubali vifo 379, Wahindi wakasema waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Hasira ya mji ilikuwa imechochewa na Sheria ya Rowlatt, ambayo iliwapa wakoloni uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Miaka 57 baadaye, mtoto wa Amritsar aliletewa mezani swali lilelile, na safari hii aliyelileta ni serikali ya India huru. Siwezi kusoma habari za jaji huyu bila kuukumbuka mji alikotoka.

Sheria aliisomea Lahore, ambayo leo iko Pakistan. Uwakili aliuanza 1934 na kuufanya Amritsar, zaidi katika kesi za madai. Mwaka 1952 akateuliwa jaji wa wilaya Ferozepur, 1962 akapanda Mahakama Kuu ya Punjab, 1966 akahamia Mahakama Kuu ya Delhi ilipoanzishwa, 1969 akawa Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, na Septemba 1971 akaapishwa Mahakama ya Juu ya nchi. Ni ngazi ya kawaida ya mtumishi wa sheria, hatua kwa hatua, bila makelele. Mtu aliyemwona mwaka 1971 asingebashiri kwamba jina lake lingekuja kutajwa Nairobi na Dar es Salaam.

Je, wajua kuwa kesi kubwa kuliko zote katika historia ya katiba ya India ilifunguliwa na mtawa? Kesavananda Bharati alikuwa kiongozi wa nyumba ya watawa wa Kihindu ya Edneer, Kasaragod, katika jimbo la Kerala. Mwaka 1970 alikwenda mahakamani kupinga sheria ya ardhi ya jimbo hilo iliyogusa mashamba ya watawa wake. Wakili wake mkuu, Nani Palkhivala, aliligeuza dai la mashamba kuwa swali zito ajabu: Bunge lenye theluthi mbili ya kura linaweza kubadili chochote katika katiba? Linaweza kufuta uchaguzi? Linaweza kufuta mahakama?

Majaji 13 waliketi, jopo kubwa kuliko yote ambayo mahakama hiyo imewahi kuwa nayo. Waliwasikiliza mawakili kwa siku 68, kuanzia Oktoba 1972 hadi Machi 1973. Hukumu ilitoka 24 Aprili 1973 ikiwa na maoni 11 tofauti. Sita walisema Bunge lina mipaka. Sita wengine walisema halina mpaka wowote. Aliyebaki katikati ni Khanna.

Na wajua alisema nini? Alikataa kuifuata kambi yoyote nzima nzima. Alisema Bunge linaweza kurekebisha kila ibara, hata zile za haki za msingi, na kwamba haki ya kumiliki mali si nguzo isiyoguswa. Lakini kurekebisha katiba, alisema, maana yake ni kwamba katiba ileile inabaki baada ya marekebisho. Ukiubomoa muundo wake wa msingi, hujarekebisha, umeondoa na kuweka kingine. Kwa kura yake, saba wakawashinda sita, na fundisho la muundo msingi wa katiba likazaliwa. Naipenda hoja hii kwa sababu inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kushiriki kikao cha kubadili katiba ya chama cha ushirika au cha msikiti, bila kuwa wakili.

Mtawa mwenyewe kesi ilimpa jina, mashamba haikumrudishia. Alifariki Septemba 2020, na wanafunzi wa sheria India bado wanalitamka jina lake kabla ya kulijua la jaji yeyote.

Je, wajua kuwa serikali ya Indira Gandhi ililipiza kisasi mara moja? Jaji Mkuu Sikri alistaafu mara tu baada ya hukumu hiyo. Desturi iliyoshikwa tangu 1950 ilikuwa kwamba anayefuata kwa utumishi mrefu ndiye anayerithi kiti. Safari hii watatu waliokuwa mbele kwenye foleni, Shelat, Hegde na Grover, wote walirukwa. Wote watatu walikuwa upande wa walioliwekea Bunge mipaka, na wote watatu wakajiuzulu. Kiti akapewa A. N. Ray, aliyekuwa upande wa serikali. Kwa hiyo kila jaji aliyebaki alijua bei ya kuipinga serikali, na Khanna alikuwa miongoni mwa waliobaki.

Tarehe 12 Juni 1975, jaji wa Mahakama Kuu ya Allahabad, Jagmohanlal Sinha, alimkuta Waziri Mkuu Indira Gandhi na hatia ya kukiuka sheria za uchaguzi na kuubatilisha ubunge wake. Usiku wa 25 Juni, Rais Fakhruddin Ali Ahmed alitia saini tangazo la hali ya hatari. Magazeti yakawekewa vidhibiti, viongozi wa upinzani wakakamatwa: Jayaprakash Narayan, Morarji Desai, Atal Bihari Vajpayee, L. K. Advani. Katika miezi 21 iliyofuata, zaidi ya watu 100,000 waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Palkhivala, aliyekuwa amekubali kumtetea Indira Gandhi katika rufaa yake ya uchaguzi, alimrudishia jalada lake.

Je, wajua kuwa mahakama kuu tisa za majimbo zilithubutu? Familia za waliokamatwa zilipeleka maombi ya habeas corpus, ile amri ya zamani inayomtaka aliyemshika mtu amlete mbele ya jaji na aeleze kwa nini amemshika. Serikali ilidai maombi hayo yasisikilizwe kabisa, kwa kuwa Rais alikuwa amesimamisha haki ya kwenda mahakamani kudai uhai na uhuru wa mtu chini ya Ibara ya 21. Mahakama hizo tisa zilisema hapana, tunaweza angalau kuangalia kama amri ya kumkamata mtu ilitolewa kwa mujibu wa sheria. Serikali ikakata rufaa, na kesi ikajulikana kwa jina la ofisa wa wilaya ya Jabalpur, Madhya Pradesh.

Majaji watano waliketi: Ray, Khanna, Beg, Chandrachud na Bhagwati.

Mawakili walipokuwa wakijibizana, Khanna alimtupia Mwanasheria Mkuu, Niren De, swali moja. Uhai nao umetajwa katika Ibara ya 21. Je, ofisa wa polisi akimuua mtu kwa chuki zake binafsi tu, ndugu wa marehemu watakwenda wapi? De alijibu kwamba kwa hoja yake, hali ya hatari ikiwa bado ipo, hawana pa kwenda. Aliongeza kwamba jibu hilo linaitikisa dhamiri yake mwenyewe, lakini sheria ndivyo ilivyo.

Ningependa kila mwanafunzi wa sheria alisome jibu hilo kwa sauti. De hakuwa ameteleza ulimi, hapo ndipo hoja ya serikali ilipokuwa inaishia. Khanna aliivuta mpaka mwisho wake ili kila aliyekuwa chumbani auone, na hakuna jaji mwenzake aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuelewa alichokuwa akiulizwa.

Hukumu ilisomwa 28 Aprili 1976. Wanne walikubaliana na serikali kwamba mtu aliye kizuizini hana mlango wa kubisha. Jaji Beg alifika hata kuandika kwamba serikali ilikuwa ikiwatunza wafungwa hao kwa uangalizi unaokaribia ule wa mama.

Khanna akaandika peke yake.

Wajua kiini cha alichoandika? Alisema uhai na uhuru wa mtu si zawadi ya katiba. Vilikuwepo kabla ya katiba. Kwa hiyo hata Ibara ya 21 ingekuwa haipo kabisa, serikali isingekuwa na uwezo wa kumnyang'anya mtu uhai au uhuru wake bila idhini ya sheria. Ndiyo tofauti kati ya nchi yenye sheria na nchi isiyo na sheria. Alikumbusha kwamba kumfunga mtu bila kesi ni jambo linalomchukiza kila anayependa uhuru wa binadamu. Na mwishoni alimtaja Charles Evans Hughes, Jaji Mkuu wa Marekani wa zamani, aliyefundisha kwamba hukumu ya jaji aliyebaki peke yake ni rufaa kwa busara ya siku zijazo.

Kumbuka kwamba hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mtu wa taratibu. Hakudai kwamba tangazo la hali ya hatari lilikuwa batili, wala hakuamuru mtu aachiwe siku hiyo. Alisema tu kwamba mlango wa mahakama usifungwe. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya hukumu yake ilipo: ikiwa hata jaji mwangalifu kupita wote hakuweza kuikubali hoja ya serikali, basi kasoro ilikuwa kwenye hoja.

Je, wajua kuwa alijua atakacholipa? Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba siku chache kabla ya hukumu alikuwa Haridwar, mji mtakatifu kando ya mto Ganges, pamoja na mke wake na dada yake. Huko alimwambia dada yake kwamba ameandaa hukumu itakayomgharimu kiti cha Jaji Mkuu wa India. Kwa utumishi alikuwa wa pili baada ya Ray, kwa hiyo zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Siku mbili baada ya hukumu, gazeti la New York Times liliandika tahariri kumhusu, likisema India ikipata tena uhuru wake, bila shaka mtu atamjengea Khanna mnara wa kumbukumbu. Ndani ya India magazeti yalikuwa chini ya vidhibiti.

Januari 1977 Ray alistaafu. Serikali ikamruka Khanna na kumteua Beg, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Khanna akaandika barua ya kujiuzulu siku hiyohiyo. Waziri wa Sheria, H. R. Gokhale, alieleza kwamba muda wa Khanna ungekuwa mfupi mno, kwani angetimiza miaka 65, umri wa kustaafu, mwezi Julai, yaani miezi mitano hivi mbele.

Na je, wajua kuwa miaka sita tu kabla ya hapo Jaji J. C. Shah alikalia kiti hicho kwa siku 35, toka Desemba 1970 hadi Januari 1971, na haikuonekana taabu yoyote?

Wiki chache baada ya Khanna kurukwa, Wahindi walipiga kura. Indira Gandhi alishindwa, na hata kiti chake mwenyewe cha ubunge akakipoteza. Hali ya hatari ikafutwa 21 Machi 1977.

Serikali mpya ilimtaka Khanna aongoze tume ya kuchunguza maovu ya hali ya hatari. Akakataa. Alisema ataonekana ana kinyongo. Kazi hiyo ikaenda kwa yuleyule J. C. Shah wa siku 35. Khanna akakubali kuwa mwenyekiti wa Tume ya Sheria, kazi ya makaratasi na utafiti isiyo na shangwe. Mwaka 1979 aliteuliwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Charan Singh, akajiuzulu baada ya siku chache tu. Mwaka 1982 vyama vya upinzani vilimsimamisha agombee urais, akashindwa na Zail Singh. Siasa haikuwa uwanja wake, na nafikiri yeye mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko waliomsukuma.

Bunge nalo lilijifunza. Marekebisho ya 44 ya katiba, ya mwaka 1978, yanasema Ibara za 20 na 21 haziwezi kusimamishwa hata wakati wa hali ya hatari. Swali ambalo Khanna alimuuliza Niren De sasa lina jibu ndani ya katiba yenyewe.

Mwaka 1999 serikali ilimpa nishani ya Padma Vibhushan, ya pili kwa ukubwa kati ya zile wanazopewa raia. Alifariki 25 Februari 2008 akiwa na miaka 95.

Je, wajua kuwa kura yake ya 1973 ilivuka bahari ya Hindi hadi kwetu? Nchini Kenya, Machi 2004, Mahakama Kuu iliitumia kesi ya Kesavananda katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya, na kuamua kwamba Bunge linaweza kurekebisha katiba lakini haliwezi kuifuta na kutunga nyingine bila wananchi wenyewe. Mei 2021, majaji watano wa Mahakama Kuu walipouzima mpango wa BBI wa kurekebisha katiba, fundisho la muundo msingi lilikuwa kati ya nguzo za hukumu yao. Mahakama ya Rufaa ikawaunga mkono Agosti mwaka huo. Mahakama ya Juu, 31 Machi 2022, ikasema fundisho hilo halitumiki Kenya, kwa kuwa katiba ya 2010 ina njia zake yenyewe za kujilinda. Hata hivyo BBI haikufufuka, kwani Rais hakuwa na ruhusa ya kuanzisha marekebisho kwa njia ya wananchi.

Tanzania ililiangalia fundisho hilo kwa jicho jingine. Mwaka 2010, katika kesi ya mgombea binafsi iliyofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, majaji saba wa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani waliona halina umbo la kushikika, kwa sababu hakuna orodha iliyokubalika ya mambo yaliyo ya msingi. Uganda nayo ililijadili katika kesi ya ukomo wa umri wa Rais, iliyosikilizwa Mbale mwaka 2018. Wanaolikataa wana hoja nzito: nani amewapa majaji kazi ya kuamua kipi hakiguswi? Mimi niko upande wa Khanna. Lakini nakiri kwamba orodha aliyoidai Ramadhani haijapatikana hata India kwenyewe, ambako kila jopo huongeza jambo jipya.

Undugu wa sheria kati ya India na pwani yetu ni wa zamani kuliko kesi hizi. Wakati wa Waingereza, sheria za jinai na ushahidi zilizotungwa India zilitumika Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika. Tanganyika ilikuwa na Kanuni ya Adhabu ya India hadi 1930, na Sheria ya Ushahidi ya India hadi 1967.

Je, wajua kilichowapata wale wanne waliomwacha Khanna peke yake? Kila mmoja wao alikuwa, au alikuja kuwa, Jaji Mkuu: Ray, kisha Beg, kisha Chandrachud, ambaye alikaa miaka saba na zaidi, muda mrefu kuliko yeyote hadi leo, na baadaye Bhagwati. Bhagwati aliishi kuijutia kura yake, na mwaka 2011 aliomba radhi hadharani. Ni haki kusema pia kwamba Bhagwati huyohuyo ndiye aliyefungua mahakama kwa maskini miaka ya 1980, akipokea hata barua za kawaida kama maombi ya haki.

Y. V. Chandrachud alikuwa na mtoto aliyekuwa jaji pia. Tarehe 24 Agosti 2017, majaji tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana wote kwamba faragha ni haki ya msingi ya kila mtu. Katika hukumu kuu ya siku hiyo, D. Y. Chandrachud aliandika kwamba wale wanne wa 1976 walikosea vibaya, kwamba Khanna ndiye aliyekuwa sahihi, na uamuzi wa Jabalpur ukatupwa. Mmoja wa wale wanne alikuwa baba yake mzazi.

Na wajua nani alimrithi D. Y. Chandrachud alipostaafu ujaji mkuu Novemba 2024? Ni Sanjiv Khanna, mtoto wa ndugu wa kiume wa Hans Raj. Alipoingia Mahakama ya Juu Januari 2019, siku yake ya kwanza ya kazi aliketi Chumba Namba 2, chini ya picha ya ami yake. Aliapishwa Jaji Mkuu 11 Novemba 2024 na kustaafu 13 Mei 2025 kwa kutimiza umri. Alikaa miezi sita, karibu muda uleule ambao mwaka 1977 ulitajwa kuwa mfupi mno kwa Khanna wa kwanza.